Mota Tatu kwa Mulango wa Vuhovi

Bulengera, Butembo, tarehe 14 Julai 2002

Kwa binti yangu Kanyere Jokébed, ku Beni

Wabukire, mama. Hapa kwetu Mungu anatulinda, tuko bazima wote. Hata kuku ya mama yako mudogo Godelive iko muzima, ijapo ilikula misumari mbili ku atelier yangu ya mbao na tulisema ni mwisho wake. Maharagi ya Vuhovi iliiva vizuri, njo maana tumekutumia kilo kumi na huyu chauffeur mwenye kuleta barua. Kama inafika tisa, usiulize sana, naye iko na batoto. Bwana yako Paulin, habari yake? Angali anaendesha ile camion yenye kukohoa?

Sasa jambo lenyewe. Mzee Maliro, ancien wa kanisa kule Vuhovi, alikuja kuniona. Kanisa yao iliyounguaka banamaliza kuijenga tena. Mabati iko juu, kuta imesimama, inabaki mulango tu. Banataka mulango mukubwa wa mbao ya muvula, vipande sita, panneaux, kila moja ichongwe majani yake: kahawa, mugomba, mutama, maharagi, vile vyote banalima. Banataka kuingia ndani mbele ya Pasaka.

Unanijua. Zamani ningechukua patasi na nyundo, miezi mitatu, kazi imekwisha. Mais nilifikiri: dunia inaendelea. Gérard Kitsa, ule mwalimu wa électricité, alirudi toka Kampala na disketi moja. Anasema kuko programu yenye kufundisha ordinateur, ile kompyuta, ichonge mbao peke yake. Ordinateur inasukuma défonceuse, ile mashine ya mukono yenye kukata mifereji mu mbao, pande zote tatu: kushoto na kuume, mbele na nyuma, juu na chini. Mimi nakaa tu ku kiti, nakunywa chai. Ordinateur ya zamani alinipa. Meza na reli nimetengeneza mwenyewe. Inabaki mota.

Na mota nimepata! Tatu, ku Kirumba, ku camion iliyoanguka: mota za essuie-glace. Nguvu ya ajabu. Kitu chenye kufagia mvua ya Lubero ku kioo kitashindwa na mbao?

Wewe unatengenezaka radio na imprimante, zile mashine za kuchapa, za Beni yote. Niambie tu singa gani ya umeme inaenda wapi. Mengine najua.

Mimi baba yako mudogo,
Mbusa Ananie


Beni, tarehe 28 Julai 2002

Kwa Baba mudogo Ananie na Mama mudogo Godelive,

Wabukire sana. Maharagi ilifika kilo nane. Niliuliza kidogo tu. Chauffeur alisema barabara ni mbaya, zinadondoka. Wasingya, asante, ni tamu. Sisi tuko bazima. Paulin iko ku barabara ya Komanda, anapeleka chumvi, anarudi na mafuta ya ngazi, ile mawese. Camion inakohoa, yeye anaimba kwa nguvu ili asiisikie. Mu kiosque yangu kazi haikose: vita ikipita, bantu banatengeneza radio kwanza, paa nyuma.

Baba mudogo, kwa heshima yote: nilipofika pa essuie-glace nilicheka mpaka client mumoja alichukua radio yake akaenda.

Sikia. Ile mota iko na nguvu, kweli, mais iko kipofu. Unaipa courant, umeme, inazunguka. Unaikatia courant, inasimama popote. Haijue iko wapi. Ku kioo ya camion haina neno, itarudi tu. Mais jani ya kahawa iko na mwanzo na iko na mwisho. Nani ataambia essuie-glace kama jani imekwisha?

Unatafuta mota yenye kuhesabu. Bafaransa banaiita pas à pas, mimi naiita mota ya hatua. Unaipigia courant mara moja, inapiga hatua moja, inangoja. Hatua mia mbili ni muzunguko muzima. Ordinateur ikisema hatua elfu na mia ine, itaenda elfu na mia ine, kisha itasimama kama mwanafunzi mbele ya directeur. Hizo mota zinakaa ndani ya imprimante za zamani, njo zinasukuma karatasi. Acha nitafute.

Na jambo lingine. Tangu lini unaandika mwandiko muzuri hivi? Barua zako nilikuwa nazisoma kama mutu anayetoa muiba mu muguu. Hii imenyooka kama daftari ya catéchiste. Ni nani anakushikia kalamu?

Binti yako,
Kanyere


Bulengera, tarehe 25 Agosti 2002

Kwa Kanyere, mwalimu wa baba yake,

Wabukire. Hapa salama. Mutoto wa jirani alibatizwa, tulikula nyama. Barabara ilifungwa siku kumi juu ya bale bantu ba bunduki mu pori, njo maana nachelewa. Mwandiko: mutu akizeeka anajirekebisha. Tuache hiyo.

Ninapaswa kukuambia kitu, na utacheka tena, cheka tu. Sikukusikia. Nilifunga essuie-glace moja ku meza, ku upande murefu. Gérard aliwasha groupe, jenereta yake. Nikasema: «Gérard, kidogo tu, tuone.»

Akasema: «Mzee, barua ya Kanyere inasema—»

Nikasema: «Kanyere nilimubeba mugongoni mimi. Washa.»

Akawasha. Défonceuse ilianza kusukumwa vizuri, mama, vizuri sana, mbao inalia, unga unaruka. Ikafika pa alama nilipochora na crayon. Ikapita alama. Ikavunja kipande cha kuizuia. Ikatoka ku meza na singa yake nyuma kama mbwa aliyekata kamba, ikaanguka mu beseni ya mboga ya lenga-lenga ya mama yako mudogo. Gérard alikuwa amepanda juu ya établi, meza ya kazi. Godelive alisema maneno fulani, ananikataza kuyaandika hapa.

Donc umeshinda. Tafuta hizo mota zenye akili. Mais niambie na hii: mota itasukumaje meza? Kuko mwenye ananishauri munyororo wa velo, wa baiskeli. Mwingine anasema courroie, mukanda wa mupira. Mimi naona munyororo ni muzuri, iko mingi hapa Butembo.

Salimu Paulin. Mwambie apunguze kuimba, aangalie barabara.

Baba yako mudogo,
Ananie


Beni, tarehe 29 Septemba 2002

Kwa Baba mudogo na Mama mudogo,

Wabukire. Sisi salama. Mama mudogo, pole ya lenga-lenga.

Nimepata mota, na si ndogo! Kuko bureau, ofisi moja hapa ilifungaka, bakaacha imprimante mbili kubwa kama kabati, na photocopieuse moja. Imprimante moja iko na tundu ya risasi upande mpaka upande, mais risasi ilikuwa na adabu, mota haikugusa. Balinipa zote tatu ili nibatolee uchafu mu nyumba. Nilifungula siku mbili. Nakutumia mota tatu: mbili nzito za imprimante, moja nyembamba ya photocopieuse.

Sasa shika maneno yangu, usifanye tena mambo ya «kidogo tu, tuone».

Najua utataka kutia nzito ku juu-chini, sababu défonceuse iko na kilo nyingi. Hapana. Ile ya juu-chini inapanda na vis, parafujo ndefu, na vis yenyewe inasaidia kubeba. Tia pale ile nyembamba. Nzito moja itie ku upande murefu, sababu pale inasukuma daraja yote, ile yenye kubeba défonceuse. Nzito ya pili, kushoto na kuume.

Munyororo wa velo sahau. Unavutika, na kila kipande kinacheza. Mota itahesabu vizuri, munyororo utasema uongo. Courroie ya meno ni muzuri, ile niliyopata mu imprimante ni fupi kama mukaba wa mutoto. Vis ni bora: mota inazunguka, vis inazunguka, écrou, nati yake, inatembea na inavuta daraja. Usinunue tige filetée, ile fimbo ya chuma ya kufungia mabati, meno yake ni membamba, ikiwa ndefu inacheza kama nyoka. Enda kwa bafundi ba magari, uombe cric za zamani, zile za kuinua gari. Vis ya cric iko nene, meno yake ni mapana. Inayoinua camion itasukuma mbao.

Paulin iko hapa leo, anafunga mizigo, kesho kutwa anarudi Komanda. Anakusalimu. Anasema ukimaliza umuchongee jina yake ku mulango wa camion.

Ulisema tuache mwandiko. Nimeacha. Mais sijasahau.

Kanyere


Bulengera, tarehe 3 Novemba 2002

Kwa binti yangu Kanyere,

Wabukire. Tuko. Mahindi imepanda bei, mvua iko nyingi, kuku ilileta vifaranga tisa, kwa misumari ama bila misumari. Hapa bantu banapita toka pande za Mambasa na vitanda ku kichwa. Paulin alirudi? Tumesikia barabara ya Komanda haiko nzuri.

Mota ilifika mu gunia ya mukate. Nilizungusha moja na vidole: inatembea kwa kugonga-gonga, tk, tk, tk. Nikamwita Gérard tukazungusha pamoja kama batoto. Cric nilipata ine.

Vis inafanya kazi. Inabaki ugonjwa moja. Nikienda kuume, sawa. Nikirudi kushoto, mota inazunguka kwanza robo bila daraja kusogea, kisha njo inavuta. Écrou ya cric imelegea. Tulichonga muviringo, ikatoka kama kiazi.

Kwa hii, mama, sikukungoja. Chuma ni yako, mbao ni yangu. Nilichukua mzizi wa muti mugumu, nikaupika mu mafuta ya ngazi siku nzima, nikatoboa, nikakata meno ndani na vis yenyewe niliyoinoa kama patasi. Nilifanya écrou mbili ya mbao ku vis moja, na katikati yao nikatia mupira wa chambre à air uliokunjwa. Mupira unasukuma moja kuume, ingine kushoto. Hakuna nafasi ya kucheza tena. Tulichonga muviringo wa pili. Gérard alipima na compas, akapima tena, akatoa miwani, akapima.

Muviringo, Kanyere. Muviringo wa kweli.

Baba yako mudogo,
Ananie

Kanyere, mimi Godelive. Anaenda kufunga atelier, ninaongeza haya mbio. Ni mimi naandikaka hizi barua, ulishajua. Mu mwezi wa tano alitoka Kirumba na mbao, ku barrière, kizuizi cha baaskari, bakataka sanduku yake ya patasi. Akaikumbatia. Balimupiga na kitako cha bunduki ku mukono wa kuume. Sanduku alirudi nayo. Mukono, vidole tatu hazijikunje tena. Hawezi kushika kalamu, hawezi kushika patasi. Bantu bote aliwaambia alianguka. Hata hiyo kazi ya écrou, mikono ni ya Gérard na yangu, yeye anasimama nyuma na kutukaripia. Usimwambie kama nimesema. Anarudi.


Beni, tarehe 8 Desemba 2002

Kwa Baba mudogo na Mama mudogo,

Wabukire. Hapa tuko salama. Nyumba imejaa: nimepokea bantu saba toka Mambasa, mama mumoja na batoto, na wazazi wake. Tunalala kama samaki mu kikopo. Mama ule anaimba vizuri na anapika sombe, majani ya muhogo, kuliko mimi, donc ni mimi napata faida.

Écrou ya mbao na mupira: Baba mudogo, hiyo sikuiwazaka kamwe. Nilichora ku karatasi nikabandika mu kiosque. Kila fundi anayepita namuonyesha, nasema, ni baba yangu mudogo.

Gérard aliniandikia kwamba sasa mota «inasahau» hatua, majani inaanza vizuri kisha inapanda juu ya zenyewe. Si kosa ya mota. Munazikimbiza. Mota ya hatua iko na nguvu nyingi ikienda polepole, ukiiharakisha nguvu inaisha, inaruka hatua moja, mbili, na haisemi. Ordinateur inaamini hesabu iko sawa kumbe mota imebaki nyuma. Punguzeni mwendo nusu. Na hapo mwanzo iondoke pole kama camion yenye muzigo. Transistor zikipata moto sana muzifunge ku kipande cha sufuria ya aluminium, zipoe.

Na batri: usitie mota na ordinateur ku batri moja. Kila moja na yake.

Kuhusu mambo mengine, Baba mudogo, mimi sisemi kitu. Nasema tu hivi: mashine ni yako. Kama nani anakaza écrou, hiyo haiondoe jina yako.

Noeli njema.
Kanyere


Bulengera, tarehe 12 Januari 2003

Kwa Kanyere,

Wabukire. Mwaka mupya.

Nimesoma barua yako mara mbili, kisha nikamuangalia Godelive, naye akaangalia kuku. Donc unajua. Nilikasirika siku tatu. Siku ya ine nilichoka, hasira nayo inataka mikono miwili. Nilificha juu sikutaka unisome kama mutu wa kuhurumiwa. Fundi asiye na mukono, banamuletea kazi kwa huruma mara moja, mara ya pili banaenda kwingine. Maliro wa Vuhovi hajui mpaka leo. Njo nilitaka mashine. Ile maneno ya chai na dunia inaendelea ilikuwa ya kukupumbaza.

Tumepunguza mwendo. Jani ya kwanza ya kahawa imetoka. Panneau ya kwanza imekwisha. Godelive anapitisha patasi ku kingo pale mashine haifike, na mukono wake ni mwepesi kuliko wangu wa zamani, na usimwambie, iko hapa anaandika.

Sasa ni zamu yako. Umetuletea habari ya risasi yenye adabu, ya sombe, ya transistor. Tangu mwezi wa kumi hujataja bwana yako hata mara moja. Nilikuuliza, ulinijibu na mota. Mimi nimesema yangu.

Paulin iko wapi?

Ananie


Beni, tarehe 26 Januari 2003

Kwa Baba mudogo, kwa Mama mudogo,

Sijui.

Aliondoka tarehe moja Oktoba. Tarehe kumi mutu alimuona Komanda, camion imenyang'anywa, yeye anatembea na miguu pamoja na bantu wengine kuelekea pori. Kisha hakuna aliyemuona. Kila kundi la bakimbizi likiingia Beni naenda kusimama ku barabara. Nauliza: mwanaume murefu, anayeimba. Ile familia ya bantu saba niliipokea juu babu yao alisema labda, labda alimusikia. Haikuwa yeye. Nikabaki nao.

Sikuandika, sababu kama ningeandika, ingekuwa kweli. Na mu barua zako kulikuwa na kitu kimoja tu mu dunia chenye shida inayoweza kutengenezwa. Mota inaruka hatua? Punguza mwendo. Écrou inacheza? Weka mupira. Nilikuwa nangoja barua zako kama dawa. Asubuhi nafungula kiosque, najiambia: leo, Baba mudogo anahitaji kujua upana wa meno ya vis. Basi nikapima meno ya vis.

Usinihurumie, na mimi sikuhurumii. Niambie panneau ya pili imefika wapi.

Ninatuma transistor sita na kalamu mbili za Mama mudogo.

Kanyere


Bulengera, tarehe 10 Machi 2003

Kanyere,

Usisome hii barua sasa. Inua macho kwanza, muangalie mwenye kuileta.

Umemuona? Haya. Mimi nitangoja.

Sasa nikuambie vile ilikuwa. Alhamisi saa tisa ya mchana tulikuwa ku panneau ya mwisho, ile ya maharagi. Mashine inakata tangu asubuhi, ilibaki dakika ishirini. Groupe inalia, unga kila pahali, Gérard anaangalia batri, Godelive anapuliza unga na mrija wa kunywea. Mimi ninasimama na mukono wangu mbaya ku mufuko, nahesabu mu kichwa. Kivuli kikaanguka ku mulango. Mutu murefu, ndevu, koti ya mwanamuke, miguu imefungwa vitambaa. Akakanyaga ndani, akanyosha mukono ashike meza asianguke.

Nikapiga kelele: «Usiguse! Ukigusa itaruka hatua!»

Kanyere, sikumutambua. Naapa sikumutambua. Akarudisha mukono, akasimama pale ku mulango, akishikilia ukuta. Alisimama dakika ishirini zote akiangalia vile mota zinatembea. Mashine ilipomaliza, défonceuse ikapanda juu, Gérard akazima groupe. Njo ile sauti ikasema polepole: «Baba mudogo, na jina yangu ku mulango wa camion, haina haraka tena. Camion hakuna.»

Godelive alitupa patasi. Mimi nililia mbele ya Gérard, na hata sikugeuka uso.

Alitoka Komanda, akaingia Mambasa, Mambasa nayo ikaanguka. Miezi mingi aliishi mu pori kwa bawindaji ba kule, alipata malaria mara mbili, kisha akatoka kwa njia ya Manguredjipa mpaka hapa, juu njia ya Beni ilikuwa imefungwa mbele yake. Mengine atakuambia yeye, ama hatakuambia. Usimukimbize. Infirmier, muuguzi, alimukataza kusafiri kabla ya siku ine, sababu ya vidonda vya miguu. Tulijaribu kukuita ku phonie, ile redio ya mission, Alhamisi, Ijumaa, kila mara ilikuwa kelele tu. Nisamehe hizo siku ine. Alikula, alilala, alikula. Jumamosi aliomba kuona écrou ya mbao, nikamuonyesha.

Na mulango. Jumamosi tuliubeba mpaka Vuhovi na Hilux, kina baba nane bakausimamisha. Jana Jumapili ilikuwa sherehe. Maliro alikuwa ameandaa hotuba. Bantu bote bako inje, bamevaa vizuri, mulango umefungwa na kitambaa. Nilivaa koti yangu. Mbele ya bote nilitoa mukono mu mufuko, nikamwambia Maliro: «Ancien, angalia. Mulango huu sikuuchonga na huu mukono. Uliharibika. Ulichongwa na mashine, na Godelive, na Gérard, na binti yangu wa Beni.» Maliro aliangalia mukono, aliangalia mulango. Alifungua kinywa ajibu.

Mvua ikaanguka. Ile mvua ya huku, bila kubisha hodi. Kitambaa kikaruka, bantu bakasukuma mulango, bakaingia bote mbio, mama na batoto, chorale, pasta, mbuzi moja. Hakuna aliyeangalia jani hata moja. Miezi minane, Kanyere! Nilibaki inje peke yangu, koti inalowa, hasira inanipanda. Nikasikia ndani banaanza kuimba. Mulango ulikuwa wazi, nikaona mutoto mudogo wa kike amebaki ku kizingiti, anapitisha kidole ndani ya mufereji wa jani ya kahawa, pole pole, mpaka mwisho wake, kisha anaanza tena. Maliro alitoka na mwavuli, akanishika ku ule mukono mbaya, akaniingiza. Akaniambia mu sikio: «Vuhovi banajenga shule nyuma ya Pasaka. Milango saba. Utafanya na watu wako wale wale?»

Nikasema ndiyo. Donc tutahitaji mota ya ine na wewe mwenyewe uje kuifunga. Mukuje wawili.

Kama ninakujua, umesoma mpaka hapa na yeye angali amesimama. Mupe kiti, mama.

Baba yako mudogo,
Ananie
na mimi Godelive, mwenye kuandika